Bendi Isiyoalikwa Harusini

Odeta Nimpaye alipoiona fidla ya pili, ilikuwa imening'inizwa kwenye kibanda cha muuza chumvi katika soko la kambi ya wakimbizi ya Lukole, ikingoja mtu wa kuibadilisha na kitu cha kuliwa. Mwenye mali alisimama kando, kijana mrefu mwenye kola iliyochakaa, akijifanya anaangalia mawingu. Odeta aliyajua macho ya mtu anayeuza asichotaka kuuza. Alikuwa ameyaona sana tangu avuke mto Ruvubu mwishoni mwa mwaka 1993, na mara nyingi yalimletea faida.

"Hii unataka nini?"

"Kuku," kijana akasema. "Au mafuta ya kula, chupa moja."

"Kuku mzima kwa ubao wenye nyuzi mbili?"

"Zilikuwa nne, mama."

"Na wewe ulikuwa nani?"

Kijana akatazama viatu vyake. "Nilikuwa seminari. Naitwa Ntakirutimana."

Odeta akaigeuza fidla, akaigonga mgongoni kwa kidole kama anayechagua papai. Haikuwa na ufa. "Kuku sikupi," alisema. "Nakupa kazi. Fidla ibaki yako, na wewe ubaki nayo. Nina yangu nyumbani, nataka ziwe mbili."

Ndivyo alivyompata mpigaji wake wa kwanza, bila kutoa hata yai. Muuza chumvi alicheka mpaka akafuta macho. Alisema mwanamke huyo angeweza kumkodishia mtu kivuli chake mwenyewe.

Odeta alizaliwa karibu na Muyinga, Burundi, akalelewa na masista, na masista wakamfundisha fidla kwa ajili ya misa za sikukuu. Baadaye aliolewa na dereva wa lori. Machafuko yalipoanza, mumewe alikuwa safarini, na Odeta akatoka na kilichokuwa karibu na mlango. Kilichokuwa karibu na mlango ni fidla. Watu walipenda kumwambia kwamba aliiokoa kwa sababu ya mapenzi. Yeye alijibu kwamba sufuria ilikuwa nyuma ya nyumba, na nyuma ya nyumba kulikuwa na watu wenye mapanga. Habari za mume hakuzipata tena. Haikujulikana kama yu hai, wala kama amekufa, kwa hiyo Odeta hakuwa mke wala mjane, na alipoulizwa alisema anauza nyanya.

Fidla yake mwenyewe alijaribu kuiuza kwanza. Hakuna aliyeitaka. Kitu kisichouzika, aliwaza, ni lazima kifanye kazi kama mwenye nacho.

Kambini kulikuwa na wapiga gitaa wengi, lakini aliyekuwa na gitaa la umeme alikuwa mmoja, Leonidasi, mtu wa maneno mengi aliyewahi kupiga katika hoteli moja ya Bujumbura. Alikuwa na gitaa la umeme na hakuwa na umeme. Odeta alimfuata kibandani kwake, chini ya shitingi, turubai la plastiki la buluu lililotobokatoboka.

"Fidla?" Leonidasi alicheka. "Dada, mimi nilikuwa napiga watu wanakunywa bia baridi. Wanaruka mpaka sakafu inalia. Fidla ni za kutolea sadaka. Unataka nipitishe na kapu?"

"Wapiga gitaa hapa kambini ni wangapi?"

"Hawahesabiki."

"Na wenye fidla tatu nyuma yao?"

Leonidasi akakuna shingo.

"Basi," Odeta akasema. "Mtu hafuati mbali kitu anachokiona kila kibanda."

Fidla ya tatu, ambayo bado hawakuwa nayo, ilikuwa ile kubwa, inayoshikwa katikati ya magoti. Aliitengeneza Bukuru, seremala mnene mkimya ambaye zamani alikuwa akitunza vyombo vya misheni na alijua umbo lake kwa mikono. Aliiunda kwa mbao za makreti ya msaada, akabaki kuwa mpigaji wake. Maandishi ya kopo la mafuta yalionekana mgongoni mwake. Kwa nyuzi walitumia waya wa breki za baiskeli. Kwa upinde ilikuwa shida zaidi, maana upinde wa fidla unataka singa za mkia wa farasi, na kuanzia Ngara mpaka Biharamulo farasi hakuna. Odeta alipatana na wafugaji waliopitisha ng'ombe wa mnada, akawapa nyanya, akakata singa za mikia ya ng'ombe weupe. Utomvu wa kupaka waliutoa kwenye misonobari ya Rulenge.

Singa za ng'ombe ni nene kuliko za farasi. Zinashika waya, zinaachia, zinashika tena. Sauti iliyotoka haikuwa ile ya masista. Ilikuwa na mkwaruzo ndani yake, kama koo la mtu aliyelia siku nzima na sasa anajaribu kuongea. Ntakirutimana alikunja uso. Odeta alisema watu watazoea.

Spika ya tarumbeta na betri ya gari zilitoka kwa Gaspari. Huyu alikuwa Mhangaza, mwenyeji wa kijiji cha Mbuba, mfanyabiashara mwenye pikapu, aliyeingia kambini kununua mahindi ya posho na kuuza ndizi na sabuni. Alitaka fungu lake katika kila kitakachopatikana. Odeta akambana mpaka fungu likapungua nusu, na Gaspari akaondoka akitabasamu, maana alikuwa ametaja mara mbili ya alichotaka.

Walipopata mpiga ngoma na waitikiaji wawili, wakawa saba, wakajiita Umuco Jazz. Umuco ni mwanga kwa Kirundi. Walitunga nyimbo za dansi, gitaa mbele, ngoma chini yake, na fidla tatu zikipanda na kushuka nyuma kama kitambaa kinachopepea. Leonidasi, aliyekuwa amekuja kwa kejeli, sasa alikuwa wa kwanza kufika mazoezini. Walichongojea ni harusi. Bendi ya dansi hujulikana harusini. Ukipiga harusi moja vizuri, wageni wanakubeba kwenda nyingine.

Aliyewaita kwanza hakuwa na harusi. Alikuwa mzee Manirakiza, aliyepoteza wanawe wawili njiani wakati wa kukimbia. Warundi wana siku ya kuvua msiba, wanaiita kuganduka: mwaka ukishapita, ukoo unakutana, watu wanakunywa, wanaambiana kwamba sasa kulia kumekwisha, kila mtu arudi kwenye maisha. Njiani hakukuwa na mazishi wala mwaka wa kuhesabu. Kwa hiyo mzee alikuwa amechelewa, na alitaka siku yenyewe iwe na muziki, watu wachangamke.

"Tunapokea," Odeta akasema. "Chupa za mafuta, na chakula siku hiyo."

Walianza na wimbo mwepesi kuliko yote, wa Leonidasi, unaomtania msichana muuza nyanya. Gitaa lilichangamka. Mabega mawili matatu yakaanza kucheza. Ndipo fidla zikaingia, na mkwaruzo wake wa singa za ng'ombe.

Mke wa Manirakiza aliweka kikombe chake chini. Mama huyu alikuwa hajatoa chozi tangu mtoni, na majirani walikuwa wameanza kusema kwamba amekauka. Alifunika uso kwa khanga akalia kwa sauti. Mkwewe akalia. Wanaume wakainama. Muda si mrefu uwanja mzima ulikuwa unalia juu ya wimbo wa nyanya.

Leonidasi alimgeukia Odeta, vidole vikiwa tayari kuacha nyuzi. Odeta akatikisa kichwa: endelea. Alikuwa ameona jambo ambalo mfanyabiashara huliona mara moja akiwa macho. Watu hawa walikuwa na kitu kilichokwama kooni, wanahitaji mtu wa kukitoa, na kambi nzima hakuna mwingine anayeiuza kazi hiyo.

Mzee Manirakiza aliwashika mikono mmoja mmoja. "Wanangu, mmetutua mzigo," alisema, akaongeza mbuzi juu ya mafuta.

Baada ya hapo hawakupumzika. Lukole ilikuwa imejaa wafu wasioliliwa. Waliitwa kambi nzima, wakaitwa na jamaa walioishi vijijini karibu, na ilipofika siku ambayo koo mbili ziligombea tarehe moja, Odeta aliwapatanisha na kupokea kutoka pande zote. Alijifunza kuuliza maswali ya kazi yake kama fundi nguo anayepima mtu. Nani amekufa? Alikuwa wa umri gani? Mnataka walie mwanzoni au mwishoni? Hakucheka akiuliza, na watu walimheshimu kwa hilo. Bukuru alinenepa zaidi. Ntakirutimana alinunua kola mpya.

Ilichukua muda Odeta kuona upande wa pili wa biashara yake. Hakuna mteja aliyerudi. Mwenye duka la chumvi ana watu wake. Leo wamenunua, kesho wanakuja tena na kuleta jirani. Waliompokea Odeta kwa machozi leo, kesho yake walipomwona njiani walivuka upande wa pili. Mara moja, bombani, alimsalimia mama ambaye bendi ilimpigia juma lililotangulia.

"Amahoro, mama. Mmeamkaje?"

Mama yule akainua ndoo yake kabla haijajaa. "Dada Odeta, usiweke moyoni. Sisi tulishamaliza na wewe."

"Mmemaliza nini? Nimekusalimu tu."

"Hicho hicho. Kilio tulikivua, tukakuachia wewe. Sasa ukinisalimu nitakipokea tena?" Akaenda zake, maji yakimwagika.

Harusi zilikuwepo. Kambini watu walioana kuliko hata nyumbani, maana kulikuwa na vijana na hakukuwa na shamba la kulima. Bendi nyingine za gitaa zilialikwa, kwaya zilialikwa, hata redio ya kaseti yenye spika moja ilialikwa. Umuco Jazz haikualikwa. Leonidasi alitunga nyimbo za furaha tupu, akaomba wapige bure uwanja wa mpira siku ya Jumapili. Vijana walikuja. Fidla zilipoanza, wasichana wawili walikaa chini, mmoja akakumbatia magoti yake. Kijana mmoja akapaza sauti, "Nani amekufa tena?" Watu wakacheka, kisha wakaondoka.

Leonidasi alivua gitaa akaenda kwake. Alisema kesho yake, walipokuwa wakianika mahindi.

"Dada, mimi si mlizaji."

"Unakula vizuri kwa kuliza."

"Nakula. Lakini nina miaka thelathini na nne na hakuna mtu aliyecheza wimbo wangu hata mmoja. Fidla zitoke. Tubaki gitaa, ngoma na sauti. Harusi zitakuja."

"Fidla zikitoka, mimi nabaki wapi?"

Leonidasi aligeuza mahindi kwa mguu. Hakuwa mtu mbaya. "Wewe tafuta harusi moja," alisema. "Moja tu, tupige na fidla zote tatu, watu wacheze. Ukiipata, sitaongea tena mpaka nife. Kiangazi hiki kikiisha hatujaipata, nachukua gitaa langu, na mpiga ngoma anakuja na mimi."

"Umeshaongea naye?"

"Nimeshaongea naye."

Odeta alitafuta. Aliwaendea wazazi wa mabinti, wachungaji, makatekista, wenye vilabu vya pombe ya ndizi. Alitoa ahadi za kupiga bure, jambo ambalo hakuwa amelifanya maishani mwake, na wale waliomjua wakashtuka zaidi: mwanamke huyu akigawa kitu, kitakuwa na nini ndani? Mvua za kwanza zilikuwa karibu alipokumbuka kwamba Gaspari ana binti.

Alimkuta akipakia magunia kwenye pikapu.

"Shikamoo, mzee Gaspari."

"Marahaba. Leo umenipa shikamoo, basi unataka kitu."

"Nasikia Adelfina anaolewa."

"Masikio yako marefu. Wakwe wanakuja kumchukua pale kwangu Mbuba, Jumamosi ya juma lijalo."

"Nani anapiga muziki?"

"Kuna kijana ana redio."

"Mzee mwenye pikapu anamtoa binti yake kwa redio?" Odeta aliangalia pembeni kama anayemwonea haya. "Betri yako, spika yako, hutoi malipo kwa mtu. Umuco Jazz watu saba. Tunakula tutakachokuta."

Gaspari aliacha gunia. "Ninyi si watu wa misiba?"

"Ukinikodi nilie, nalia. Ukinikodi nicheke, nacheka. Wewe ukiuza sabuni leo na chumvi kesho, wewe ni mtu wa sabuni?"

"Wewe mwanamke," Gaspari alisema, na alikuwa anacheka. "Adelfina mwenyewe anazipenda hizo fidla zenu. Anasema zinamsisimua mgongo. Mama yake ndiye atanipigia kelele."

"Mama yake mwachie bibi harusi."

"Na kibali? Mkimbizi hatoki nje ya kambi kwa umbali huo bila karatasi."

"Hiyo ya kwako. Wewe ndiye unajuana na ofisi."

Kibali kilipatikana. Kiliwataja kama kwaya, maana hakuna aliyejua bendi ya aina ile iitweje. Odeta alipanga kila kitu. Aliuliza kama uwanja wa Gaspari una kivuli, maana gundi ya fidla kubwa ilikuwa inalegea juani. Aliuliza watakaa wapi, watakula saa ngapi, nani atasema lini waanze. Aliwapunguzia singa pindeni ili mkwaruzo upungue, akawafanyisha mazoezi mpaka Ntakirutimana akalalamika mkono. Alichagua nyimbo za mwendo wa kasi, fidla zikifuata gitaa kwa ukaribu, zisipate nafasi ya kuvuta.

Swali moja halikumjia. Kwa miaka yote ile swali lake la kwanza lilikuwa ni nani amekufa, na likishajibiwa mengine yote hujipanga yenyewe. Harusini hakuna aliyekufa, na Odeta hakujua kinachoulizwa badala yake. Hakuuliza wanaooa ni nani.

Siku yenyewe kulikucha kweupe. Uwanja wa Gaspari ulifunikwa maturubai, migomba miwili ikafungwa langoni, na jikoni wanawake wa Mbuba walikuwa wameshaanza kutaniana. Umuco Jazz walikaa upande wa kivulini. Walianza kabla wakwe hawajafika.

Na watu walicheza. Hili Odeta aliliona kwa macho yake, wala hakuna aliyeweza kumnyang'anya baadaye. Wahangaza wale hawakuwa wamewahi kuwasikia kwenye msiba. Kwao fidla ilikuwa fidla. Bibi mmoja mwenye meno machache alisimama mbele ya Bukuru akimwiga anavyovuta upinde, watu wakaanguka kwa kicheko. Adelfina alichungulia dirishani akiwa nusu amevaa. Hata mke wa Gaspari, aliyekuwa amekusudia kugombana, alipita na beseni la wali akitikisa kiuno. Leonidasi alifumba macho akiimba. Alipofumbua alimtazama Odeta, akacheka kwa meno yote, na kwa muda wa nyimbo nne tano mpango wote ulikuwa umefaulu.

Kisha lango likajaa. Wakwe walikuwa watu wa Nyakisasa, ukoo uliotoka ng'ambo ya Ruvubu miaka ya zamani na kupata mashamba, na wengi wa ndugu zao walikuwa Lukole. Bwana harusi, Ishimwe, alitangulia na suti ya kijivu. Nyuma yake alikuja baba mdogo wake, Idefonsi, na fimbo, na mashangazi waliobeba vikapu vichwani. Hatua kadhaa ndani ya lango, shangazi wa mbele alisimama. Wa nyuma wakamgonga. Kikapu kikayumba.

Odeta alimtambua yeye kwanza, kisha Idefonsi, kisha yule Ishimwe. Mwaka uliopita bendi ilipiga kambini, kwa ndugu zao, siku ya kuvua msiba wa mama yake kijana huyu. Ishimwe alilia siku ile mpaka akabebwa.

Aliwaashiria wenzake wapunguze. Wakapunguza, nalo likawa kosa jingine, maana fidla zikipigwa polepole ndipo mkwaruzo unaposikika. Ishimwe alikuwa amesimama katikati ya uwanja, mikono imening'inia kwenye suti. Hakulia. Alikuwa anaangalia chini kama mtu aliyeangusha kitu.

Idefonsi alimwendea Gaspari, si Odeta. Hakupandisha sauti.

"Mkwe wetu, umetutukana au hukujua?"

"Nimetukana nini?" Gaspari alikuwa bado na tabasamu la mwenye shughuli.

"Hawa tuliwaita kuvua msiba wa mama wa kijana huyu. Tulimaliza nao. Unatuletea kilio mlangoni siku tunachukua mke? Binti akiingia nyumbani kwetu nacho, mtoto wa kwanza tumpe jina la msiba?"

"Ni muziki tu, bwana Idefonsi. Watu walikuwa wanacheza."

"Watu wako. Wa kwetu angalia."

Mashangazi walikuwa wameshusha vikapu nje ya lango. Mmoja alikuwa ameketi juu ya jiwe, ameipa harusi mgongo.

Odeta alisogea. Alijaribu, maana kujaribu ndiyo kazi yake. "Baba, shikamoo. Tunaweza kupiga mwendo mwingine kabisa. Tunaweza..."

Idefonsi hakumwitikia. Alimpitishia macho kana kwamba pale hakukuwa na mtu, naye Odeta akafahamu kwamba hata hiyo ni adabu. Yule mtu alikuwa anajizuia kupokea kitu kutoka kwake mbele ya watoto wake.

Gaspari alipiga hesabu yake haraka. Mahari ilikuwa imeshapokelewa, wageni walikuwa wamekaa, wali ulikuwa umeiva. Alimshika Odeta kiwiko, akamsogeza karibu na pikapu.

"Fidla zitoke," alisema.

"Mzee, tulikubaliana zote tatu."

"Tulikubaliana na wewe. Na hawa sijakubaliana nao. Gitaa libaki, ngoma ibaki. Au niwashe pikapu niwarudishe wote sasa hivi, na harusi nyingine msahau."

Odeta aliangalia kule kivulini. Leonidasi alikuwa amesikia. Alisimama na gitaa kifuani, hakumwambia Odeta akubali, wala kumwambia akatae. Mpiga ngoma alikuwa anaangalia fimbo zake. Ntakirutimana ndiye aliyeanza kuifunga fidla yake kwenye kitambaa, kabla hajaambiwa.

"Wabaki," Odeta akasema. "Lakini sisi tule kwanza."

Walikula nyuma ya pikapu, yeye, Ntakirutimana na Bukuru, sahani mapajani. Upande wa pili wa jengo gitaa lilianza peke yake, likiyumba mwanzoni kama mtu aliyetoka kuumwa, kisha likakaa sawa. Ulikuwa wimbo wa muuza nyanya. Vigelegele vilianza pembeni, vikaingia katikati. Baadaye kidogo alipita mama mmoja akitoka jikoni, akawaambia bila kujua ni nani, "Ninyi mnakula tu? Mkwe anacheza na bibi harusi, nendeni mkaone!"

"Tumeona," Bukuru alisema. Hilo ndilo neno pekee alilosema siku ile.

Kabla jua halijapungua, watu wawili kutoka Rulenge walikuwa wameshamwendea Leonidasi kumtaka kwa harusi zao. Alikuja nyuma ya pikapu kumwambia Odeta. Alitaka aseme kwa upole, lakini furaha ilikuwa imemjaa usoni na hakuwa na mahali pa kuificha.

"Dada, wamenialika. Wawili."

"Umewatajia bei gani?"

"Bado."

"Usitaje kwanza. Waache waseme wao." Odeta alikuwa anapangusa sahani kwa kipande cha ugali. "Na chakula kwa watu wote, kipatikane kabla ya kupiga. Ukishapiga, sufuria hukauka."

Leonidasi alingoja neno jingine. Odeta alirudia sahani yake. Akarudi kwenye ngoma.

Umuco Jazz ya gitaa na ngoma ilipiga harusi nyingi kuliko bendi yoyote ya Lukole, na jina walikaa nalo, maana Odeta hakuona sababu ya kugombania jina ambalo kwake halikuwa limeleta chochote. Ntakirutimana alijiandikisha na malori ya kwanza ya kurudi Burundi. Alimwachia Odeta fidla yake. Kambi ilianza kupungua, mtaa mmoja leo, mwingine baada ya mavuno, na kadiri ilivyopungua ndivyo wafu wenye watu wa kuwalilia walivyopungua. Odeta na Bukuru walikwenda walikoitwa, na waliowaita walikuwa wachache, na hawakuweza kwenda mbali.

Gaspari alirudi kumtafuta msimu wa masika. Alimkuta sokoni, mbele ya mafungu ya nyanya yasiyonunuliwa.

"Umekonda," alisema.

"Nawe umenenepa. Adelfina?"

"Ana mimba." Gaspari alichukua nyanya moja, akaibonyeza, akairudisha. "Kuna baba mkwe wangu, baba wa mama Adelfina. Amelala tangu mwezi uliopita. Hospitali wamesema tumrudishe nyumbani."

"Pole."

"Sisi pia tuna siku yetu ya kumaliza matanga. Mama Adelfina amesema hataki redio. Anataka ninyi. Siku ile ya harusi aliwasikia mlipopunguza, hajasahau."

"Mzee bado anapumua?"

"Anapumua. Nataka nijipange mapema."

Odeta aliondoa nzi juu ya nyanya. "Mbuzi wawili."

"Wawili? Mko wangapi sasa?"

"Wawili."

"Zamani mlikuwa saba kwa mbuzi mmoja!"

"Zamani kazi zilikuwa nyingi, tuliweza kupunguza. Na watatoka kwako mapema, kabla hatujapanda pikapu."

"Mtu bado yu hai, Odeta."

"Basi ngoja afe, uje tuzungumze ukiwa na haraka."

Gaspari alitukana kwa Kihangaza, si kwa hasira. Alizunguka fungu la nyanya, akarudi. Walikubaliana mbuzi mmoja na debe la maharage, mbuzi aje kesho. Alipoondoka, Odeta alifunga nyanya kwenye khanga ingawa soko lilikuwa bado na watu, akaenda kumwambia Bukuru wakaze waya za ile fidla kubwa, maana yule mzee mgonjwa wa Mbuba hatafika mbali.